Kona ya Mwalimu: Gemu ya zamani ya kulinda miji sita

  Mwezi huu Kona ya Mwalimu inaongea juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi: gemu za video, na hasa zile za kupiga risasi.

Hali tunaijua wote. Pale sokoni kuna vibanda vyenye televisheni, sola na betri. Mtoto akilipa kidogo anapewa dakika zake za kucheza. Wengine wanachezea kwenye simu ya kaka. Katika mkutano wa wazazi mama mmoja alisimama akasema: "Sisi tulikimbia risasi, leo watoto wetu wanazinunua kwa pesa ya sabuni." Watu wakapiga makofi. Baba mwingine akajibu kwamba mtoto akiwa kibandani angalau tunajua yuko wapi, ni afadhali kuliko kuzurura hadi usiku. Naye akapigiwa makofi na watu walewale!

Mimi naona wote wawili wana haki, na sitaki kuwa hakimu wao. Nataka kuongeza neno moja tu: gemu za risasi zote si sawa. Kabla ya kukataza au kuruhusu, tukae tuangalie gemu inamwambia mtoto afanye nini. Mfano wangu ni gemu ya mwaka 1980 ambayo watoto wetu hawaijui. Hata huko ilikotoka, watu wakitaja gemu za zamani watakutajia kwanza Pac-Man, iliyotoka mwaka huohuo, au Space Invaders ya mwaka 1978. Hii imekaa nyuma yao kama mtoto mkimya darasani. Jina lake ni Missile Command.

Ni gemu ya namna gani?

Kwanza vijana waelewe kwamba wakati ule gemu haikukaa ndani ya simu. Ilikuwa ni kabati zima, refu kama mtu mzima, lenye kioo cha televisheni mbele. Makabati hayo yaliwekwa kwenye maduka na kwenye kumbi za michezo. Unatia sarafu, unacheza, ukishindwa unatia nyingine. Missile Command ilitengenezwa na kampuni ya Atari, huko California, Marekani. Aliyeibuni anaitwa Dave Theurer, akisaidiwa na mwenzake Rich Adam.

Ukisimama mbele ya kioo unaona hivi. Chini kuna miji sita, midogo, imepangwa mitatu upande huu na mitatu upande ule. Kati yake na pembeni kuna vituo vitatu vya kurushia makombora ya kujikinga, kimoja kushoto, kimoja katikati, kimoja kulia. Kila kituo kina makombora 10, kwa hiyo jumla una 30 kwa raundi moja.

Halafu juu ya kioo inaanza kushuka mistari. Kila mstari ni kombora la adui. Mwanzoni inashuka polepole, unaweza hata kuona inaelekea mji gani. Baadaye inakuwa mingi, ina kasi, na mengine yanagawanyika njiani, moja linakuwa kadhaa. Zinapita pia ndege na setilaiti zinazoangusha makombora, na yapo mabomu ya kijanja yanayokwepa milipuko yako.

Wewe huna usukani wala bunduki. Una mpira mmoja umepachikwa juu ya meza ya mashine, unauzungusha kwa kiganja, nao unasogeza alama ndogo ya msalaba kwenye kioo. Mkono wa pili uko kwenye vitufe vitatu, kila kituo na kitufe chake. Ukibonyeza, kombora lako linaruka hadi palipo na msalaba, kisha linalipuka na kufanya duara la moto. Duara linakua, linakaa kidogo, linapungua. Kombora la adui likiingia ndani yake, limekwisha.

Hapo ndipo akili inapohitajika. Kombora lako linachukua muda kufika. Ukilenga pale adui alipo sasa, utakuta ameshapita. Lazima ulenge pale atakapokuwa. Ni sawa na mtu anayemrushia mwenzake mpira akiwa anakimbia: haurushi mgongoni kwake, unautanguliza mbele. Na kituo cha katikati makombora yake yana kasi kuliko ya pembeni, kwa hiyo mchezaji mzuri anayatunza kwa ajili ya hatari ya dakika ya mwisho.

Raundi ikiisha mashine inahesabu. Kila kombora ulilobakiza linakupa pointi 5. Kila mji uliosalia unakupa pointi 100. Hebu ona hesabu hiyo inasema nini: mji mmoja una thamani ya makombora 20.

Mambo matatu yanayoitofautisha

La kwanza, hakuna mtu wa kumuua. Katika gemu nyingi za vibandani mtoto anapewa bunduki na anasifiwa kwa idadi ya watu aliowaangusha. Hapa huoni hata sura ya adui. Huwezi kwenda kwake kulipiza kisasi, maana hakuna kitufe cha kazi hiyo. Kazi yako ni kuzuia tu. Hilo halikutokea kwa bahati. Theurer alikataa kumweka mchezaji katika nafasi ya mtu anayeangushia bomu mji wenye watu. Akasema mchezaji atalinda, basi.

La pili, lazima uchague. Raundi zikiendelea makombora 30 hayatoshi. Utafika mahali ambapo mistari miwili inashuka, mmoja kwenye mji wa kushoto, mwingine kwenye kituo chako. Ukiokoa mji, unapoteza kituo na makombora yaliyobaki ndani yake. Ukiokoa kituo, mji unaungua mbele ya macho yako. Vituo vinarudi raundi inayofuata na risasi zake zote. Mji haurudi, isipokuwa umefikisha pointi za kutosha kupewa mji wa ziada. Kwa kawaida mashine ilipangwa kutoa mji mmoja kwa kila pointi 10,000.

La tatu, hakuna ushindi. Hata uwe hodari namna gani, mistari itaendelea kushuka hadi mji wa sita uanguke. Gemu nyingine zikimaliza zinakwambia mchezo umekwisha, tia sarafu nyingine. Hii inafanya mlipuko mmoja mkubwa unaojaa kioo, na ndani yake yanatokea maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "Mwisho". Hakuna kombe wala wimbo wa taifa. Swali lake halikuwa kama utashinda, ni miji mingapi utailinda na kwa muda gani.

Mimi naona hilo ni jambo la ukweli kuliko filamu nyingi za vita. Wengi wetu tumeishi vita, na tunajua kwamba mwenye nyumba iliyoungua haulizi nani ameshinda.

Hofu iliyokuwa nyuma yake

Kwa nini mtu wa California, anayekula na kulala salama, atunge gemu ya huzuni namna hii? Jibu liko katika miaka ile. Marekani na Urusi ya wakati huo, iliyoitwa Umoja wa Kisovieti, walikuwa katika vita baridi. Kila mmoja alikuwa na maelfu ya mabomu ya nyuklia yamelekezwa kwa mwenzake. Desemba 1979 jeshi la Kisovieti liliingia Afghanistan, na hofu ikapanda tena. Watu wa kawaida walilala wakijua kwamba siku yoyote, bila kuonywa, mistari kama ile inaweza kushuka kweli.

Wakati wa kuitengeneza gemu, mafundi walikuwa wakiwaza miji sita ya pwani ya California, kati yake San Francisco, Los Angeles na San Diego. Yaani walikuwa wanachora nyumbani kwao. Baadaye majina hayakuwekwa, miji ikabaki bila jina. Theurer mwenyewe amesimulia kwamba kazi hiyo ilimwingia hadi usingizini. Kwa muda mrefu aliota ndoto za makombora yakishuka na miji ikilipuka, akawa anashtuka usiku. Wazazi mnaokesha na mtoto anayeshtuka usiku, mnaelewa maneno haya bila kufafanuliwa.

Na sisi wa kutoka Kongo tusidhani hofu hiyo ilikuwa ya wazungu peke yao. Bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, lilitengenezwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, karibu na Likasi. Ilichimbwa na mikono ya baba na babu zetu, ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Kwa hiyo hadithi ya mistari inayoshuka juu ya miji ina mguu mmoja katika udongo wetu. Wanafunzi wa mwaka wa sita, jambo hilo liandikeni katika daftari la historia.

Mwaka 1981 Atari walitoa gemu hiyo kwa ajili ya mashine ndogo ya nyumbani. Aliyeitengeneza upya ni Rob Fulop, na ilinunuliwa sana. Lakini katika kijitabu chake hadithi ilibadilishwa: miji ikawa ya sayari ya mbali iitwayo Zardon, na wavamizi wakawa wa Krytol. Labda waliona wateja hawatapenda kukumbushwa vita ya kweli wakiwa sebuleni. Ninyi vijana mnaopenda filamu za Schwarzenegger, itazameni vizuri ile Terminator ya pili, ya mwaka 1991. Kijana John yuko kwenye ukumbi wa michezo, na mojawapo ya gemu anazocheza ni hiyohiyo. Filamu yenyewe ni juu ya vita ya nyuklia, na sidhani waliichagua ovyo.

Je, inafaa kwa watoto wetu?

Nitajibu kwa uangalifu. Wako watoto ambao kuona kitu kinashuka kutoka angani na kulipuka ni kuwarudisha mahali ambapo hawataki kurudi. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe, hata kama gemu ni ya mistari na rangi tu. Ukimwona anaziba masikio, ananyamaza ghafla au anajikojolea usiku baada ya kucheza, acha. Mpeleke akaongee na mtu wa ushauri kwenye kituo cha afya, usimcheke.

Lakini wako wengi zaidi ambao tayari wanacheza gemu za risasi kila siku, tukipenda tusipende. Kwa hao nasema: mkaribie mtoto ukae naye. Muulize maswali haya. Katika gemu hii wewe ni nani? Unampiga nani, amekukosea nini? Unapewa sifa kwa kufanya nini? Mtoto wa miaka kumi anaweza kujibu, na majibu yake yatakufundisha mengi kuliko kumchapa. Halafu mwonyeshe kwamba ipo gemu nyingine, ambayo sifa yote inatoka katika kulinda.

Wenye simu nzuri wajue kwamba mwaka 2020 ilitolewa gemu mpya kwa jina Missile Command: Recharged, hata kwa simu, na mwaka 2022 ile ya zamani iliwekwa ndani ya mkusanyo uitwao Atari 50. Tusio na simu nzuri pia hatujaachwa, someni hapa chini.

Tucheze bila umeme

Nimeipunguza gemu hii iweze kuchezwa kwa daftari la hesabu lenye miraba, kalamu mbili na maharage 9. Nje mnaweza kuchora chini kwa kijiti. Wanacheza wawili: Mlinzi na Mvua. Huyu wa pili tunamwita Mvua ili asiwepo mtoto wa kuitwa adui.

1. Chora uwanja wa miraba 20 kwa upana na 15 kwa kimo. Mstari wa chini chora nyumba sita na ghala tatu. Kila ghala weka maharage 3.

2. Mvua anaanzisha mistari kutoka juu, isiyozidi miwili kwa zamu moja. Kila zamu, kila mstari unashuka mraba mmoja, wima au kwa mshazari. Ukishachagua uelekeo hubadilishi. Raundi ya kwanza ana mistari 4, ya pili 6, ya tatu 8, ya nne 10, na kuendelea hivyo.

3. Mlinzi, kila zamu, anaruhusiwa kuweka nukta moja popote, na analipa harage moja kutoka ghala lolote. Nukta hailipuki palepale. Inalipuka baada ya zamu mbili, ikifunika mraba wake na miraba yote inayouzunguka. Mstari ambao ncha yake iko ndani umezimwa.

4. Mstari ukifika kwenye nyumba, nyumba imekwenda na hairudi. Ukifika kwenye ghala, maharage yaliyomo yanapotea kwa raundi hiyo. Raundi mpya ghala zote zinajazwa.

5. Nyumba ya sita ikianguka, andikeni MWISHO, kisha mbadilishane nafasi. Aliyelinda raundi nyingi ndiye mlinzi bora.

Angalieni raundi ya nne: mistari ni 10, maharage ni 9. Kwa harage moja mstari mmoja, hesabu haitoki. Mlinzi lazima atafute mahali ambapo mistari miwili itakaribiana, aizime kwa nukta moja, au achague cha kuacha. Walimu wenzangu, mkitaka kufundisha pembe, uelekeo na kukadiria, somo ni hilo, na mtoto hatajua kama anasoma.

Niliicheza na wanafunzi wangu wa mwaka wa tano mchana mmoja wa mvua, tulipokosa kutoka darasani. Msichana mmoja mpole alilinda hadi raundi ya tano, akawashinda wavulana wote. Lakini kila mara aliacha nyumba ya pembeni iangushwe kwanza. Wenzake wakamuuliza kwa nini haiokoi ile. Akasema, "Ile haina watu. Wameshakimbia." Akaendelea kucheza. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha wakaanza, mmoja mmoja, kusema katika nyumba zao wameweka nani: bibi, mbuzi, mtoto mchanga, daftari. Sikuwa nimepanga somo hilo. Nilikaa nikasikiliza.

Ndiyo maana nasema gemu ya mwaka 1980 inafaa kufufuliwa hapa kwetu. Mtoto aliyekimbia vita alikuwa mdogo, hakuweza kulinda kitu. Alibebwa mgongoni, akaambiwa nyamaza. Hapa anapewa miji sita na kuambiwa: fanya unavyoweza. Ataipoteza yote mwishoni, ni kweli, na hakuna atakayemlaumu. Mtoto akijifunza kwamba mlinzi anaweza kujitahidi sana na bado nyumba ikaanguka, huenda siku moja ataacha kumuuliza baba yake kwa nini hakuilinda ya kwao. Na baba huenda ataacha kujiuliza.

Kazi ya mwezi huu ni kucheza raundi tatu nyumbani, mzazi mmoja na mtoto mmoja. Mzazi asijifanye ameshindwa, watoto wanajua! Andikeni mlifika raundi ya ngapi na nyumba ipi mliiokoa kwanza, kisha mniletee karatasi shuleni. Nitazibandika ukutani bila majina.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya bao na namna mashimo yake yanavyofundisha kugawanya. Wenye bao zuri la mbao naomba waniazime, langu limeliwa na mchwa.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea. Kaeni salama.